Kodi ya Woolwich, Nyumba ya Sunderland

Ngazi za lile jengo karibu na soko la Woolwich, London, zilijaa watu kuanzia mlangoni hadi ghorofa ya tatu, na wote walikuja kuangalia fleti moja. Placida alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, sare ya unesi ikichungulia chini ya koti lake la rangi ya haradali, nywele kasuka twende kilioni, miguu ikimuwaka moto. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye viatu vizito vya kazi, akinung'unika peke yake kwa Kiswahili.

"Hii ni kuona nyumba ama ni kuaga maiti?"

Placida akacheka bila kutaka. "Kumbe Mkenya."

"Umejuaje?"

"Hiyo 'ama' yako."

Huyo alikuwa Njenga, fundi wa lifti, mzaliwa wa Nakuru. Walipofika juu, wakala aliyevaa suti ya kumbana aliwatangazia kwamba bei iliyoandikwa ni ya kuanzia tu; kila mtu aseme ataongeza kiasi gani. Placida alimwambia usoni kuwa yeye amekuja kutafuta pa kulala, hakuja mnadani, kisha akashuka ngazi kwa hasira. Njenga akamfuata mbio.

"Dada, umemwambia ukweli. Nikununulie chips?"

"Ziwe na samaki. Kwa hasira nilizonazo, chipsi peke yake hazitoshi."

Mwaka haukuisha, wakawa wanaishi pamoja katika chumba kimoja juu ya duka la simu, Woolwich hiyohiyo, kitanda kikigusana na jiko. Walipendana kwa utani. Njenga akimwomba chai kwa Kiswahili cha Nakuru, Placida alimsahihisha kwanza ndipo akamimina. Jumapili aliimba kwaya na Watanzania wenzake, na kaka yake Zephaniah aliishi mtaa wa pili. Lakini mwenye nyumba alipandisha kodi, akapandisha tena, akidai treni mpya imeupandisha hadhi mtaa.

"Hiyo treni inapita chumbani kwetu?" Placida alimuuliza kwenye simu.

Februari, kampuni ilimpeleka Njenga kufunga lifti Sunderland, kaskazini kabisa. Jioni moja akapiga simu, sauti imejaa furaha.

"Mpenzi, keti chini."

"Nimekaa kitandani. Pengine pa kukaa hakuna."

"Nimepata nyumba. Nyumba nzima, si chumba! Jikoni kuna dirisha, nyuma kuna bustani. Na kodi ni nusu ya ile tunalipa hapo. Kampuni nayo itanipa kazi ya kudumu huku."

"Umeipata, au umeiona?"

Njenga alikohoa. "Nimelipa deposit. Kulikuwa na watu wengine wanaitaka."

"Na mimi ulinihesabu pamoja na vyombo?"

"Aki Placida, nilitaka kukufurahisha."

"Hukuniuliza, Njenga. Kazi yangu, kwaya yangu, kaka yangu, vyote umevitia kwenye boksi bila kuniuliza."

"Kwa hivyo unapenda London kuliko mimi?"

Placida akakata simu. Wiki zikapita kimya. Njenga aliamini ameachwa kwa ajili ya mji. Placida aliamini mwenzake ameshahama moyoni. Wote walikosea, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupiga.

Kisha kodi ikamshinda peke yake, na mwenye nyumba akamtaka ahame. Placida akazunguka hadi Thornton Heath, kusini mwa London, akaonyeshwa chumba chenye bafu ndani ya jiko, kodi yake kubwa kuliko ile iliyomshinda. Alipouliza kama hakuna nafuu, mwanamke wa ofisi ya kupangisha alitabasamu.

"Kaskazini bei ni rahisi. Watu wengi kama nyinyi wanahamia huko."

Kama nyinyi. Maneno hayo aliyarudia njia nzima ya kurudi. Jumamosi akapanda treni kwenda Sunderland, akamwambie Njenga ana kwa ana kwamba yeye na yule mwanamke hawana tofauti.

Njenga alifungua mlango amekonda, ndevu zimemjaa.

"Nimekuja kukugombeza, si kukutembelea."

"Ingia basi unigombeze ndani. Nje kuna baridi."

Jikoni kulikuwa na mwanga tele, na dirisha pana lilitazama majani. Uzuri ule ulimzidishia hasira.

"Nchi moja hii," alisema. "Sindano ninayochoma Woolwich ndiyo wanayochoma hapa. Nimewauguza watu wa London miaka yote hii, halafu London inaniambia nikitaka dirisha niende mwisho wa reli. Wao nimeshawazoea. Lakini wewe, Njenga? Wewe nawe unanihamisha kama wao?"

Njenga alitazama sakafu. "Nilichoka kukusikia ukilia bafuni ukidhani sisikii. Lakini nilikosa. Wacha nikuulize sasa. Unataka kuishi hapa?"

"Sitaki."

Hakubishana. Alitoa simu, akampigia wakala wa nyumba ile mbele yake, akasema anarudisha funguo. Wakala akamjibu kwamba deposit imekwenda, na kuna familia nyingine itaitwa leo hii. Njenga akaweka simu mezani.

"Ijumaa narudi London. Tutatafuta pamoja, hata kama ni chumba tena."

Placida aligeukia dirisha ili asionekane. Alimwona akilini mwanamke mwingine akipanga sufuria zake pale, na machozi yakamtoka, ya hasira hayo. Njenga alikuwa ameiachia nyumba kwa neno lake moja tu, 'sitaki'.

"Mpigie tena."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie tumekubali. Tumekubali, umesikia? Si umekubali."

"Lakini umesema hutaki."

"Nilisema kwa sababu uliniuliza, na umenisikiliza. Sasa nasema nataka. Na jina langu litangulie kwenye mkataba."

Njenga alibonyeza simu. Ilipokuwa ikiita, akamnong'oneza, "Na mkataba ule mwingine? Wa kanisani? Nikuulize?"

"Huo utakuja kuuliza Woolwich, mbele ya Zephaniah, umenyoa na umevaa suti. Leo bado nimekukasirikia."

Wakala akapokea. Njenga akamwambia kwamba wamekubali, na Placida akamwashiria kwa kidole: rudia, useme wote wawili.