Santuri Isiyo na Mtunzi

Saa tisa alasiri, Jumapili ya tarehe 6 Machi 2022, umeme ulikatika Area 47, Lilongwe. Katika sebule ya Alexis, muuza vipuri vya magari, santuri iliyokuwa ikipigwa ilipunguza mwendo. Sauti ya mwimbaji ikazama, ikawa nzito kama ya mwanamume, kisha ikakata. Mtu mmoja sebuleni akaendelea na wimbo, mdomo ukiwa umefungwa, mpaka mwisho wa ubeti.

Walikuwa watatu. Jérôme alidhani ni Noël. Noël alidhani ni Alexis. Alexis alimshukuru Jérôme kwa kuumalizia vizuri.

Jérôme alikuwa fundi cherehani katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nje ya mji. Wote watatu walikulia Bukavu, Kongo, na wote walikimbia vita wakaacha santuri zao nyuma. Walikuwa wakikutana Jumapili baada ya ibada kusikiliza muziki wa soul wa kwao, uliorekodiwa miaka ya sabini katika studio ambazo leo hazipo. Waliwapenda waimbaji. Waliwapenda watunzi zaidi, kwa sababu wengi walifia katika vyumba vya kupanga huku nyimbo zao zikichezwa kwenye harusi za watu. Hiyo ndiyo iliyowapa desturi yao. Kabla sindano haijashuka, mwenye kuleta santuri alisimama, akataja jina la mtunzi, akasema, "Karibu kwetu." Wenzake waliitikia, "Karibu, kiti iko." Na kweli kiti kimoja kiliachwa wazi.

Siku ile Jérôme alileta santuri aliyoikuta soko la Area 36, chini ya rundo la sufuria kuukuu. Walikuwa wamesikia habari zake tangu ujana na hakuna aliyewahi kuishika. Karatasi ya katikati ilitaja wimbo, "Nifungulie," na mwimbaji, Vénérande. Mahali pa mtunzi hapakuandikwa kitu.

"Sasa tunaita nani?" Noël aliuliza.

"Weka tu, tusikie," Alexis alisema. "Mi nimengoja hii disque toka sijaota ndevu."

"Na sasa zimekuwa nyeupe, unaweza kungoja dakika moja." Jérôme alivua kofia. "Yeyote mwenye alitunga hii wimbo, karibu kwetu."

"Karibu, kiti iko," waliitikia, wakicheka.

Umeme uliporudi, kile kiti kilikuwa kimelowa, kama kimekaliwa na mtu aliyetoka mvuani. Alexis alilaumu bati la paa. Nje jua lilikuwa kali.

Jérôme alirudi Dzaleka na santuri imefungwa ndani ya kitenge, akaiweka juu ya kabati. Nyumbani kwake hapakuwa na mashine ya kuipigia. Alikuwapo mkewe, Rosette, na binti yao wa pekee, Bénie, mwenye miaka kumi na mmoja, ambaye kanisa lilikuwa limemchagua aimbe peke yake asubuhi ya Pasaka. Bénie alikuwa na namna yake: kabla ya kupanda sauti ya juu alivuta pumzi fupi, kama anayemeza kitu. Rosette aliweza kumtambua kwa pumzi hiyo ndani ya kwaya nzima.

Katikati ya wiki, mchana, Bénie alikuwa akiosha sahani mlangoni huku akiimba. Jérôme aliusikia ubeti wa kwanza wa "Nifungulie," kisha wa pili.

"Nani alikufundisha hiyo?"

"Ule mama, Papa."

"Mama gani?"

"Sijue. Iko naimba nyuma ya cherehani yako."

Jérôme aliondoa mguu kwenye kanyagio, gurudumu likazunguka kidogo likasimama, na ule mvumo aliodhani kwa siku mbili ni wa mashine haukusimama, ulikuja kutoka pembeni kati ya cherehani na ukuta ambapo mtu mzima asingeenea, ukamalizia ubeti ule ule taratibu kabisa, na pamoja nao ikaja harufu ya tope la kisimani, ingawa mvua haikuwa imenyesha kambini tangu juma lililopita.

Kufikia Ijumaa Bénie hakuwa na sauti. Alifungua kinywa, midomo ikatembea, hakikutoka kitu. Muuguzi wa zahanati alimulika koo lake kwa tochi, akasema halina kidonda wala uvimbe.

"Papa Bénie, toa ile disque mu nyumba," Rosette alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba kabati linasikia.

"Ni plastiki tu, Mama Bénie."

"Kama ni plastiki tu, itakuuma nini kuitoa?"

Jumapili Jérôme aliibeba kwenda kuiacha Area 47. Alexis aliipokea kwa mikono miwili na kuiweka kwenye mashine kabla hajamuuliza habari za safari.

Nyuma ya sauti ya Vénérande sasa ilikuwapo sauti ya pili, ya mtoto.

"Hapa hakukuwaka mutoto," Noël alisema.

Kiitikio kilikaribia. Kabla ya sauti ya juu, ile sauti ndogo ilivuta pumzi fupi, kama inayomeza kitu.

"Alexis, toa. Ni Bénie huyo. Ni mutoto yangu."

Alexis alikuwa amefumba macho. "Mais imekuwa nzuri kuliko mwanzo," alisema. "Acha tusikie mwisho."

Jérôme aliinua sindano mwenyewe. Aliikamata santuri kwa kingo zote mbili, akaanza kuikunja juu ya goti.

"Ukivunja," Noël alisema polepole, "na yeye iko ndani?"

Jérôme aliirudisha santuri ndani ya kitenge. Ilikuwa ni Noël pia aliyekumbuka jambo la pili. Dzaleka, upande wanakokaa Warundi, kulikuwa na koko mmoja, bibi kizee, aitwaye Vénérande. Kanisani alifungua kinywa pamoja na wengine, lakini waliokaa karibu naye walisema hatoi sauti.

Baada ya wiki tatu za kuulizia, Jérôme alimkuta akichambua maharagwe. Alipoiona santuri hakuigusa. Alimvuta Jérôme kwa shati hadi sikio lake likawa mbele ya midomo yake, kwa sababu alichobaki nacho kilikuwa mnong'ono tu.

"Bosi ya studio alitaka wimbo moja tena, ya kujaza upande wa pili," alisema. "Nikaimba ile nilisikiaka kwetu nikiwa mutoto, kwenye chemchemi, ndani ya maji. Kwetu tunaita igisigo. Hapa banasema jini. Bosi akauliza, mutunzi tuandike nani? Nikamwambia, usiandike mi. Haiko yangu."

"Na sauti yako, Koko?"

"Ilibakia mule." Alionyesha santuri kwa kidevu. "Siku ile ile."

"Inataka nini kwetu?"

"Mulisema mwenye alitunga akuje. Mulimwekea na kiti. Munataka ikatae?" Alitabasamu kidogo bila meno. "Tangu kijana natafutwa na bapenzi ba muziki, na bote banauliza mutunzi ni nani. Bon. Niite mi. Nitakaa mu kile kiti. Wimbo ikishapata mwenyewe, ile haina pa kukaa."

"Itatoka?"

"Itatoka. Vile itaacha sauti nyuma yake, ya nani kwa nani, mi sijue."

Jumapili ya Matawi walikwenda wote Area 47. Alexis alipoambiwa bibi yule ni nani alipiga magoti, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, nilikutafuta Bukavu yote."

"Nilikuwa huku nachambua maharagwe," Vénérande alimnong'oneza.

Kiti kilikuwa bado na maji. Vénérande alikaa juu yake bila kukipangusa. Rosette alimkumbatia Bénie kifuani pake. Jérôme alisimama, akasema, "Vénérande, mutunzi wa 'Nifungulie,' karibu kwetu," na wenzake wakaitikia, na sindano ikashuka, na sauti mbili zikaanza pamoja, ya mwanamke na ya mtoto, kisha chini yao ikaingia ya tatu ambayo haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke, ikiimba maneno yale yale nyuma kidogo kama mtu anayefundisha, na harufu ya tope ikajaa sebule mpaka Noël akaziba pua kwa kola, na maji yakaanza kutoka chini ya kiti na kuelekea mlangoni ingawa sakafu iliinamia upande wa pili, na mlango uliokuwa umekomewa ukatikiswa kwa ndani, mara moja na mara ya pili, na hapakuwa na mtu aliyesimama karibu nao, mpaka Vénérande akafungua kinywa, akanong'ona, "Ni yangu. Toka," na komeo likaruka.

Mlango ulifunguka. Nje hapakuwa na mtu. Maji yalivuka kizingiti, yakachora mstari hadi getini, yakakauka juani.

Santuri iliendelea kuzunguka. Palisikika gitaa, ngoma na kinanda. Hapakuwa na mwimbaji.

"Mama," Bénie alisema. Sauti ilikwaruza, lakini ilitoka. Rosette alilia akimkumbatia. Kwenye kiti, Vénérande alikohoa, naye akasema, "Asante," kwa mkwaruzo ule ule. Noël alicheka peke yake, kama mtu aliyeshuka kwenye pikipiki iliyokosa breki.

Wiki ile walimnywesha Bénie tangawizi na kumkataza kusema sana. Mkwaruzo ulipungua siku hadi siku.

Asubuhi ya Pasaka kanisa la Dzaleka lilijaa hadi nje. Alexis na Noël walikuja kutoka mjini, wakasimama nyuma. Bénie alipanda mbele kwa gauni aliloshonewa na baba yake, akafungua kinywa.

Iliyotoka ilikuwa sauti ya mwanamke mzima. Ilikuwa nzito chini, pana juu, na imekomaa. Jérôme aliijua tangu noti ya kwanza, kwa kuwa alikuwa ameisikia kwenye santuri. Waumini walishangilia. Nyuma, Alexis alikuwa ameinua simu kurekodi na machozi yalimshuka mashavuni.

"Ni yeye," alimwambia Noël. "Ni yeye mwenyewe. Amerudi."

Jérôme aligeuka kumtafuta mkewe. Rosette alikuwa ameshatoka nje.

Jumatatu ya Pasaka Rosette alikuwa bombani akikinga maji. Alikuwa peke yake mpaka Vénérande alipofika na kidumu chake, akasimama nyuma yake.

"Mama," sauti ya Bénie ilisema mgongoni kwake, "ndoo imejaa."

Rosette aliitika.