Mzula wa Nestory

Kadi aliyoiweka Mektilda kwenye mashine ya kufuma ilikuwa ya nyota. Aliijua, matundu yake yalikuwa yametanuka kwa kutumika, na kwa miaka sita ilikuwa imemtolea nyota zilezile kwenye masweta ya watoto wa mtaa wa Ipuli. Asubuhi ile ya Juni alifunga uzi mweupe na uzi wa kahawia, akaanza kufuma mzula, kofia ya sufu, kwa ajili ya mdogo wake, Nestory, dereva wa bodaboda aliyekuwa akilalamikia baridi ya alfajiri. Alipofika mstari wa ishirini, akachungulia chini ya sindano. Nyota hazikuwepo. Kulikuwa na miguu.

Akaitazama kadi. Ilikuwa ileile. Akaendelea.

Mtu mwingine angeacha. Lakini tangu Machi, alipomzika binti yake Advera, mtoto wa miaka tisa aliyechukuliwa na homa ya siku mbili, hakuna kitu kilichokuwa kikimgusa Mektilda. Hakulia kanisani, hakulia makaburini. Wanawake wa jumuiya walimwambia, "Lia, mama, utapasuka," naye akaitikia "Ndiyo" kama mtu aliyeulizwa kama chai ina sukari. Basi akasukuma kigari cha mashine kulia, akakirudisha kushoto, kraa, kraa, na miguu ikapata viuno, viuno vikapata mabega, mabega yakapata vichwa, na juu ya kila kichwa mzigo.

Chumba kikajaa harufu ya jasho la watu wengi na vumbi la safari. Nyuma ya mashine, kwenye ukuta mtupu, alisikia nyayo zikiburuzwa. Kigari kikisimama, nazo zinasimama.

Walikuwa watu kumi na mmoja, wamepangana, na uzi mmoja wa kahawia ulitoka shingo hii ukaingia shingo ile. Wa mwisho alikuwa mfupi, yeye peke yake hakubeba kitu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umebaki nyuma, kama unavutwa.

Advera alikuwa akiuvuta mguu wa kushoto tangu alipoungua akiwa mdogo.

Mektilda akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaushona mzula ubavuni, akaukaza kileleni, akauweka mezani.

Nestory alipita adhuhuri. "Dada, ndiyo huu?" Akauinua. "Hee! Umenifumia msafara mzima. Hawa kina nani?"

"Watu tu."

"Wanakwenda wapi?"

"Sijui."

Akauvaa, akacheka, akawasha pikipiki. Neno "uvue" lilikuwa kinywani mwa Mektilda, na hakulitoa. Alijua kwamba akilitoa atalazimika kuufumua ule mzula, na yule wa mwisho ataondoka pamoja na wenzake.

Siku ya tatu, Julieth, mke wa Nestory, alikuja bila viatu.

"Wifi, njoo. Njoo umwone ndugu yako."

Nestory alikuwa amesimama uani, ameuelekea ukuta wa magharibi, anatembea. Paji la uso limegusa matofali, na miguu inakanyaga palepale, inakanyaga, mpaka pamechimbika shimo. Nyayo zilikuwa zimepasuka zinatoka damu. Shingoni alikuwa na alama nyekundu, pana kama kamba.

"Tangu jana asubuhi," Julieth alinong'ona. "Hali, hanywi. Nikiushika huo mzula analia kwa sauti za watu wengi, wifi, na za wanawake zimo. Lugha yenyewe siijui."

Walimwita Bibi Mwanne wa mtaa wa Cheyo, mtu wa dua na dawa. Alifika jua likiwa bado kali, akaizunguka nyumba mara moja.

"Shikamoo, bibi," Mektilda alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nani kaufuma?"

"Mimi."

"Na ulimwona mtu wako humo?"

Bibi Mwanne akashusha sauti. "Aliyemshika ni jini la njia. Zamani misafara ya watumwa ilipita hapa, na waliochoka waliachwa vichakani wafe. Yeye huwakusanya, anawafunga, anawatembeza, na hawafiki. Msiba usioliliwa kwake ni mlango wazi. Ufumue. Mkono uliofuma ndio utakaofumua."

Alichoma ubani. Mektilda akakata mshono, lakini mzula haukubanduka, ulikuwa umeshikana na kichwa kama ngozi. Akaitafuta ncha ya uzi kileleni, akavuta. Mistari ikaanza kutoka mmoja mmoja. Mizigo ikaisha. Vichwa vikaisha. Nestory akapunguza mwendo. Watu wazima walipokuwa wamebaki vifua tu, yule mfupi alikuwa bado mzima, peke yake na uso wake, na hapo uzi ukagoma, ukakaza kama kuna mkono mwingine umeushika upande wa pili, na kutoka kinywani mwa Nestory, mwanamume wa miaka thelathini na minne mwenye ndevu, ikatoka sauti ya mtoto, laini, ya mtu aliyetoka usingizini, ikasema, "Mama, usinitoe, huku nje baridi," na Julieth akapiga yowe akakimbilia ndani, na moshi wa ubani ukalala chini kama maji, na nyayo zisizo na watu zikaanza kuwazunguka uani, nyingi, za haraka, zikikaribia kila mzunguko.

"Si mwanao," alisema Bibi Mwanne. "Jini kaiokota sauti yake njiani."

"Na kama ndiye?"

Bibi Mwanne akaongeza ubani motoni.

Mektilda alimtazama mdogo wake. Midomo ilikuwa imekauka ikawa myeupe kama chokaa. Akauzungusha uzi kiganjani mara mbili, akavuta mpaka ukamkata. Uso ukatoka. Shingo ikatoka. Ule mguu wa kushoto ulikuwa wa mwisho kutoka.

Nestory alianguka. Nyayo zikanyamaza. Bibi Mwanne aliufunga uzi wote kwenye kitambaa cheusi, akaondoka nao bila kuaga, na mpaka leo hajasema aliuzika wapi.

Nestory alilala siku mbili, akaamka akaomba uji. Baada ya wiki aliweza kutembea, akaja kwa dada yake, wakakaa kwenye benchi la barazani.

"Dada, ulipotufungua wote walikwenda. Walikimbia hawakugeuka. Mmoja tu alirudi."

"Nani?"

"Uso sikuuona. Alisema wewe ndiye uliyemfungua, kwa hiyo atakaa kwako."

Mektilda aliitikia kwa kichwa. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtoto.