Ukosi kwenye Shina

Mshonaji tuliyepakana naye ukuta hakuwa mtu wa mambo ya giza. Alikuwa na cherehani mbili, mume dereva wa malori asiyekaa nyumbani, na binti mmoja wa miaka saba, mwembamba, aliyesimama wima hata akiumwa. Ndiyo maana tulimwita Sindano. Kwa mtoto huyo mama alikuwa hasikii haambiwi.

Asubuhi moja alimleta mtunza bustani, mzee mpole wa maneno machache, ampandie mti wa mapambo mbele ya baraza. Mzee aliuita elmi. Ulikuwa mti wa kuunganishwa: chini shina la mti mmoja, limenyooka, na juu yake kipandikizi cha mti mwingine ambao matawi yake hayajui kupanda, yanajua kushuka tu mpaka yafagie ardhi. Mzee alichonga, akakutanisha majeraha ya miti miwili, kisha akaomba kitambaa cha kufungia.

"Kiwe kipya, mwanangu. Kisiwe kimewahi kugusa mwili wa mtu."

Mshonaji alikuwa na magauni sita ya harusi ya kumaliza, na wateja wake wana maneno. Hakutaka kupunguza kitambaa cha mtu. Mezani kulikuwa na ukosi aliotoka kuufumua kwenye gauni la shule la Sindano, umechakaa kwa shingo ya mtoto. Akampa huo. Mzee alipouliza tena kama ni kipya, alijibu ndiyo, mguu ukiwa kwenye pedali. Ulikuwa uongo mdogo, wa kumwondoa mtu mlangoni.

Kipandikizi kilishika. Wiki ya tatu kilitoa majani, matawi yakaanza kushuka, na sisi majirani tukajazana getini kusifu. Wiki hiyohiyo Sindano akaanza kuinama.

Kwanza kichwa. Mama akamgombeza, akidhani ni michezo ya kitoto. Kisha mabega. Daktari alimpiga picha ya shingo, akasema mifupa haina neno. Lakini mama alikuwa amepima shingo za watu maisha yake yote, na aliuona mstari mwekundu uliomzunguka mtoto. Upana wake ulikuwa ule ule wa ukosi.

Majuto ni mjukuu. Alimwita mzee, akamweleza ukweli wote. Mzee alikaa chini palepale kwenye udongo.

"Kata basi," mama alimwambia.

"Nikikata kabla hakijaungana sawasawa, kichwa kitakufa."

"Na tukiacha?"

"Shina linanenepa, mwanangu. Kitambaa hakinenepi."

Alikusanya visu vyake. Hakurudi tena.

Mama alijaribu peke yake, mchana, kwa mkasi wa kazini. Alikata uzi mmoja. Ndani ya nyumba Sindano akakohoa. Akakata wa pili. Kikohozi kikakoma, na pumzi nayo. Alitupa mkasi, akakimbia, akamkuta mtoto midomo imebadilika rangi, akampulizia mpaka pumzi ikarudi. Tangu siku hiyo hakuugusa mti ila kwa kuumwagilia maji. Tulimwona barazani kutwa, anatazama gome likivimba juu na chini ya kitambaa. Nyuma yake mtoto alikoroma akiwa macho. Tulimwonea huruma, lakini nani kati yetu angemwambia afanye nini?

Kisha adhuhuri moja, jua likiwa la utosi, mkoromo ukanyamaza.

Mama aligeuka. Sindano alikuwa amesimama mlangoni, wima. Shingo laini, haina alama. Mama alimkumbatia, akalia, akacheka, akamshukuru Mungu kwa sauti tuliyoisikia sote.

Mtoto hakumkumbatia. Alikuwa anautazama mti.

"Mama," alinong'ona, "mbona yule hafunguliwi?"

"Nani, mwanangu?"

Mtoto alirudi ndani, akafunga mlango taratibu.

Mama alitenga matawi, akaingia chini yake. Kitambaa hakikuwepo. Gome lilikuwa limekimeza, halikuacha fundo wala uzi wa kushika. Hakukuwa na upepo. Aliweka kiganja kwenye kovu. Palikuwa na joto. Ndani ya shina, mtu akakohoa. Kikohozi kidogo. Alikijua.

Yule binti wa ndani ya nyumba sasa ni msichana mkubwa. Ana adabu, na hajaugua hata mafua. Mama anampikia, anamfulia, lakini kwa nguo anampeleka kwa fundi mwingine akapimwe. Mchana hukaa chini ya mti, amelikumbatia shina, anaomba msamaha kwa sauti ya chini. Kuukata hawezi. Kuuhama hawezi.

Kiangazi kilichopita, miezi mitano bila tone la mvua, wifi yake alikuja kumsalimia. Hakumkuta. Akajipenyeza chini ya matawi kutafuta kivuli, akaona gome limelowa, juu kidogo ya kovu. Michirizi miwili, sambamba, inashuka. Alipitisha kidole, akakigusisha kwenye ulimi.

Ilikuwa chumvi.