Gogo Chini ya Gurudumu

Asubuhi ya Isyonje huwa na baridi na ukungu. Vijana hupakia viazi kwenye lori huku wakipuliza vidole vyao. Ikupa huwa ameshakaa mbele, kando ya mume wake Fanueli. Amejifunga kitenge juu ya sweta. Miguuni pake pana gogo.

Gogo hilo lilikuwa kipande cha mkaratusi. Fanueli alilichonga upande mmoja ili liingie vizuri chini ya gurudumu. Lilikuwa zito, na limekuwa jeusi kwa oili na matope.

Lori lao dogo halikuwa na breki ya mkono. Mkono wenyewe ulikuwepo, lakini ukiuvuta ulikuja tu, umelegea, haushiki kitu. Kwa hiyo, kila Fanueli aliposimama penye mwinuko, alikanyaga breki ya mguu na kusema, "Mama Happy!"

Ikupa alifungua mlango. Aliruka chini na gogo, akaliweka nyuma ya gurudumu. Wakati wa kuondoka alilitoa, akalibeba, akakimbilia mlango, akapanda tena. Kutoka Isyonje hadi soko la Mwanjelwa, mjini Mbeya, kuna vilima vingi na wateja wengi. Alishuka na kupanda siku nzima.

Kila alipoinama chini ya lori alisali kimoyomoyo. "Bwana, shika gari." Sala yake ilikuwa fupi, kwa sababu muda wa sala ndefu haukuwepo.

Watu walimzoea. Wabeba mizigo wa sokoni walimtania. "Mama Breki, umeamkaje?"

"Nimeamka nimechoka," alijibu. Wao walicheka. Walidhani naye anatania.

Siku moja ya mvua walisimama Uyole, kwa mteja mwenye duka la viazi. Barabara ya pale inapanda. Ikupa akashuka, akaweka gogo kwenye tope. Fanueli akaachia breki.

Gogo likateleza.

Lori likarudi nyuma polepole. Ikupa alikuwa bado ameinama. Gurudumu likakanyaga pindo la kitenge chake na kumvuta chini. Mwenye duka akapiga kelele, "Kanyaga breki! Mama yuko chini! Kanyaga!"

Fanueli akakanyaga. Lori likasimama.

Ikupa akainuka taratibu. Goti lilikuwa na damu. Kitenge kilikuwa kimechanika kuanzia kiunoni. Fanueli aling'ang'ania usukani, uso umempauka. Hakuweza hata kushuka, kwa sababu akiinua mguu tu, lori lingerudi tena.

"Umeumia?" aliuliza kupitia dirishani.

Ikupa aliokota gogo, akaliweka tena, safari hii pamoja na jiwe.

Jioni alifua kitenge kilichochanika na kukianika kwenye kamba. Fanueli alikaa kwenye kigoda, akikitazama.

"Pole, mama Happy. Umechoka leo."

"Uchovu huu si wa leo, baba Happy," alisema Ikupa. "Sishuki tena."

"Sasa nani ataweka gogo?"

"Muulize Mungu. Mimi nimeshamuuliza."

*

Jumapili walitembelewa na Matilda. Matilda ni Mhehe wa Kihesa, Iringa, mke wa kaka yake Ikupa. Anaendesha basi la wanafunzi. Shule zilikuwa zimefungwa, ndiyo maana alipata nafasi ya kuja Mbeya.

"Kamwene, shemeji!" Fanueli alimsalimia Kihehe, kwa mbwembwe.

"Kamwene. Umejifunza neno moja tu tangu niolewe," alisema Matilda. Halafu akamwona Ikupa anachechemea. "Wifi, mguu umefanya nini?"

Ikupa akamwambia yote. Akamwonyesha kitenge. Matilda alikishika pale kilipochanika, akapitisha vidole kwenye ufa.

"Shemeji," alisema, "lori hili limekaguliwa lini?"

Fanueli akakuna kichwa. "Hilo ndilo jambo jingine linalonisumbua. Leseni ya kubeba mizigo ya LATRA, wale wa mamlaka ya usafiri, inakaribia kwisha. Nasikia wanataka taarifa ya ukaguzi. Lakini Ezron jirani ana mtu wake. Gari inabaki nyumbani, karatasi inakuja."

"Karatasi ikija, itashuka kuweka gogo?" aliuliza Ikupa.

Matilda alicheka mpaka akashika tumbo. Fanueli hakucheka.

"Breki ya mguu ni nzima kabisa," alisema. "Ya mkono ni ya kuegeshea tu. Malori ya huku karibu yote yana gogo. Na Mungu ametutunza."

"Ametutunza, na asifiwe," alisema Matilda. "Lakini breki ya mkono ni breki kamili, shemeji. Breki ya mguu ikifa mlimani, ya mkono ndiyo inabaki. Mkaguzi ataipima. Mimi basi langu linakaguliwa shule zikifungwa. Wananipandisha kwenye mwinuko, nazima injini, naondoa mguu. Basi likirudi nyuma hata kidogo, watoto hawapandi."

"Na nikishindwa? Watanifunga? Nijipeleke polisi kwa miguu yangu mwenyewe?"

"Unajipeleka ili usipelekwe. Ukaguzi si kesi. Mkaguzi anaangalia breki, taa, matairi, usukani, honi, waipa, vioo, mikanda. Ubovu akiuona, anakuandikia. Unatengeneza, unarudi, anakagua tena. Basi."

"Wanakagulia wapi?" aliuliza Ikupa.

"Iringa najua. Hapa Mbeya sijui ni uwanja gani wala siku gani. Mahali na siku hubadilika. Nenda ofisi ya polisi wa usalama barabarani. Sema, namtafuta mkaguzi wa magari. Kuuliza ni bure, wifi. Na mkiambiwa kuna malipo, ombeni kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, na mdai risiti. Msimpe mtu fedha mkononi."

Fanueli akatazama nje, kwenye lori lake. "Nitaenda nikipata nafasi," alisema.

"Nafasi ninayo mimi," alisema Ikupa. "Si nimeacha kazi?"

*

Jumatatu Ikupa alichechemea hadi kituo kidogo cha polisi cha jirani. Hakuwahi kuingia polisi isipokuwa siku moja, kumdhamini mdogo wake. Askari wa mapokezi, binti mdogo, alikuwa anakunywa chai.

"Shikamoo, mama. Kuna shida?"

"Marahaba, mwanangu. Sina shida. Namtafuta mkaguzi wa magari."

Binti akamwelekeza kwenye ofisi ya usalama barabarani ya mjini. Huko Ikupa alikaa kwenye benchi kwa muda mrefu, goti linamuuma. Mwishowe alielezwa yote: uwanja ulipo, siku ya kwenda, na vitu vya kubeba. Kadi ya gari. Bima iliyo hai. Leseni ya dereva. Lori liende tupu, bila mzigo, na dereva awe yule yule anayeliendesha kila siku.

"Na mimi je?" aliuliza Ikupa. "Mimi ndiye naweka gogo."

Askari aliyekuwa akimweleza aliacha kuandika na kumtazama. "Njoo, mama," alisema. "Njoo kabisa."

Fanueli alijiandaa kwa namna yake. Aliosha lori kuanzia juu hadi chini. Alipaka bampa rangi nyeusi. Alisugua matairi kwa sabuni hadi yakang'aa. Alitandika kitambaa kipya mbele, chenye maneno ya kumshukuru Mungu.

"Wakiona lori safi hivi, watasema nini?" alijisifu.

"Watasema limeoga," alijibu Ikupa.

Siku ikafika. Uwanjani palikuwa na foleni ya magari: mabasi, malori, bajaji. Madereva walipiga miayo juani. Mkaguzi aliitwa Afande Sosthenes. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini, na sare yake ilikuwa na vumbi magotini, kwa sababu alipiga magoti kando ya kila gari.

Alisoma kadi, bima na leseni. Alikagua taa. Moja ya nyuma haikuwaka. Alipima tairi kwa kidole, akaonyesha moja lililoisha. "Hili limesuguliwa vizuri," alisema, "lakini sabuni haioteshi meno ya tairi."

Fanueli akainamisha kichwa.

"Sasa panda pale kwenye mwinuko. Simama. Zima injini. Weka gia huru. Vuta breki ya mkono, kisha inua miguu yote miwili."

Fanueli akapanda hadi pale, akasimama. "Mama Happy!" aliita, kwa mazoea.

Ikupa alikuwa ameshafungua mlango. Gogo lilikuwa mikononi.

"Mama," alisema Afande Sosthenes, "kaa."

Ikupa akabaki na mguu mmoja nje.

"Kaa kwenye kiti chako, mama. Funga mlango. Funga na mkanda."

Akakaa. Miaka yote ile, hakuna mtu aliyewahi kumwambia akae. Alipakata gogo kama mtoto na kufumba macho. "Bwana, shika gari," alisali.

Fanueli akavuta breki ya mkono. Akainua miguu. Lori likaanza kurudi.

"Kanyaga!"

Akakanyaga. Mkaguzi akaja dirishani. Hakufoka.

"Bwana Fanueli, lori lako halina breki ya mkono. Lina mama."

Madereva waliokuwa karibu walicheka. Ikupa naye alicheka, kisha machozi yakamtoka, naye hakujua ni ya nini. Fanueli alimwona. Aliona pia goti lake, lililokuwa bado na kidonda.

"Gogo si kosa," aliendelea mkaguzi. "Kaeni nalo, siku gari likiharibika njiani litawafaa. Lakini gogo ni msaidizi, haliwezi kuwa breki. Na binadamu hakai nyuma ya gurudumu la gari lisiloshika. Mwezi huu nimeshaandika ajali ya namna hiyo. Aliyekuwa nyuma ya gurudumu hakuamka." Akafuta uso. Alionekana amechoka kuliko wote pale uwanjani. "Nakuandikia mambo matatu: breki ya mkono, taa, tairi moja. Usibebe mzigo mpaka utengeneze. Ukimaliza, urudi."

"Hunikamati?" aliuliza Fanueli.

"Nikukamate ili nani atengeneze gari?"

*

Fundi Anord alilala chini ya lori siku nzima. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umeliwa na kutu. Lainingi, ile sehemu inayosugua na kushika, ilikuwa imeisha kabisa.

"Hii ilikufa zamani," alisema kutoka chini. "Mlikuwa mnasimamaje?"

"Kwa gogo na mke wangu," alijibu Fanueli kwa sauti ndogo.

Wiki hiyo hawakubeba viazi. Mambo yalikuwa magumu. Walikula ugali na mboga za bustanini, na mteja mmoja alihamia kwa Ezron. Ezron alipita akasema, "Si nilikwambia karatasi ni rahisi?"

Fanueli alikuwa anafunga taa mpya. "Ni rahisi," alisema. "Lakini wewe huweki gogo. Muulize mkeo."

Waliporudi uwanjani, Afande Sosthenes alirudia kila kitu. Taa iliwaka. Tairi lilikuwa na meno. Kwenye mwinuko Fanueli alizima injini, akavuta breki ya mkono, akainua miguu. Ikupa alishika kiti kwa mikono miwili.

Lori halikusogea.

Mkaguzi alilisukuma kwa bega, kama mtu anayejaribu mlango uliofungwa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaandika kwamba lori limefaulu.

"Kila asubuhi, kabla hujaondoka, lipime mwenyewe," alisema. "Breki, taa, matairi. Mimi unaniona mara chache. Mlima unauona kila siku."

Fanueli aliipeleka taarifa ya ukaguzi LATRA, na leseni yake ikahuishwa. Alhamisi walipakia viazi tena. Gogo lilikaa nyuma, karibu na tairi la akiba. Wabeba mizigo waliuliza, "Mama Breki, leo hushuki?"

"Breki ni ile pale, imefungwa chini," alijibu Ikupa. "Mimi niiteni Mama Happy."

Uyole walisimama palepale, kwa yule mwenye duka. Mvua ilikuwa inanyesha tena. Fanueli alivuta breki ya mkono. Mdomo ulitaka kuita, lakini akaufunga. Akashuka yeye mwenyewe kushusha magunia pamoja na vijana, na lori likasimama kimya juu ya tope.

Ikupa alibaki ndani. Mkono wake ulitafuta gogo miguuni, haukulikuta. Akauweka juu ya goti lililopona. Nje walikuwa wakihesabu magunia na kubishana. Alianza sala yake ya siku zote: "Bwana, shika..."

Akakumbuka kwamba gari limeshikwa.

"Bwana," alianza upya, "asante."

Fanueli aliporudi, amelowa, alimkuta ameegemeza kichwa kwenye kioo. Amina hakuifikia. Alikuwa amelala. Fanueli akafunga mlango polepole sana ili asimwamshe, akasubiri kidogo, ndipo akawasha gari.