Siku Majina ya Akina Mama Yalipotoka Nje

Kila Jumapili na Jumanne, wenzangu wakishakimbilia makwao kula chakula cha mchana, mimi nilibaki shuleni katika chumba cha kompyuta. Shule yetu iko Damanhuri, nyuma ya stesheni, na treni ya Iskandaria ikipita madirisha hutetemeka mpaka kipanya cha kompyuta hujisogeza chenyewe mezani. Jina langu Rihab. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka ule nilijiona fundi kuliko mafundi wote. Tulikuwa tunatengeneza tovuti ya shule, mahali ambapo mzazi angefungua simu yake aone ratiba, alama za mtihani na siku ambazo mwanawe hakufika darasani.

Mwalimu Nagwa, aliyetusimamia, hakutaka tuanze na kompyuta. Alitaka karatasi. Kwa wiki mbili alinichoresha vyumba na milango kana kwamba tunajenga nyumba: huyu ni mzazi, anaingia hapa, anaona mambo ya mtoto wake tu, huyu ni mwalimu, anaona darasa lake, huyu ni mgeni, anaishia barazani. Kila mmoja na nenosiri lake. Nilipomwambia kwamba milango tungeiweka mwishoni, aliniuliza kama nimewahi kuona watu wakihamia nyumba isiyo na milango. Moyoni nilisema mwalimu huyu ana ugonjwa wa karatasi.

Jambo la pili alilosisitiza ni kwamba tovuti ijaribiwe kwa majina ya kubuni. Ilinibidi nitunge wanafunzi sitini wasiokuwepo duniani, pamoja na baba zao na mama zao. Nilitunga ishirini nikachoka. Sasa, nilikuwa na flashi ambayo mwalimu alinikabidhi nichapishe orodha ya viti vya mtihani, na humo mlikuwa na faili la usajili la ofisi: wanafunzi mia tatu na kumi na wawili, kila kitu kimejazwa. Nikajiuliza, ya nini kujitesa? Nikalimwaga lote ndani ya tovuti, ambayo bado haikuwa na mlango hata mmoja, na kufumba na kufumbua kila mwanafunzi akawa na ukurasa wake. Kurasa zilipendeza kweli. Jioni ile nikashindwa kuvumilia, nikatuma anwani ya tovuti kwenye kundi la darasa letu la simu na kuandika, "Oneni kazi ya mikono yangu."

Asubuhi ya Jumatano nilikuta vurugu mstarini kabla bendera haijapandishwa.

Kwetu, mvulana wa umri ule yuko radhi avuliwe viatu mbele ya shule nzima kuliko jina la mama yake lijulikane. Mama ni Mama Fulani, basi. Mwenzako akilijua jina lenyewe, amekushika sikio mwaka mzima. Na kila ukurasa niliotengeneza ulikuwa na mstari ulioandikwa "Jina la mama". Wagdi, ambaye kwa mdomo hakuwa na mpinzani, alikuwa ameyanakili yote kwenye daftari na anayanadi kama muuza nyanya. Wavulana wawili walikuwa wameshakunjana mashati. Mmoja alijificha nyuma ya bomba la maji akilia, na alikuwa mrefu kuliko baba yangu.

Nilishtuka, lakini nakiri nilicheka pia. Ni majina tu, nikasema. Nikaamua kwamba wakati wa mapumziko ningeufuta mstari ule na mambo yangekwisha.

Ndipo Hatim aliponijia. Hatim alikaa dawati la nyuma yangu, mvulana mpole ambaye familia yake ilihamia Damanhuri kutoka mji wa Rashidi akiwa bado mchanga. Yeye hakuwa amekasirika. Alikuwa anatabasamu.

"Dada Rihab, we fundi gani wewe? Umenipa mama asiye wangu."

Nikamuuliza kivipi.

"Umeandika Insaf. Insaf ni mama mkubwa, alishakufa zamani, picha yake iko ukutani kwa bibi. Mama yangu ni Awatif. Haya, nimekutajia mwenyewe, lakini Wagdi asisikie." Kisha akashusha sauti. "Rekebisha leo leo, tafadhali. Mama akitajiwa dada yake hulia siku nzima."

Nilimwahidi. Nilifurahi hata, maana kosa dogo la kuandika ni kitu ninachokijua. Kengele ya mapumziko ilipolia nikaenda chumba cha kompyuta, nikachomeka flashi na kufungua faili la ofisi ili nione nilichanganya mistari wapi.

Sikuchanganya kitu. Mbele ya jina la Hatim palikuwa pameandikwa: mama mzazi, Insaf Abdulghani, marehemu. Halafu: mlezi, Awatif Abdulghani, mke wa baba, dada wa marehemu. Tarehe ya kifo ilikuwa siku mbili baada ya tarehe ya kuzaliwa kwa Hatim.

Niliusoma mstari ule mara tatu. Nilijua jambo kuhusu Hatim ambalo Hatim mwenyewe hakulijua, na nililitundika mtandaoni kwa mikono yangu. Nikawaza, na wale wengine mia tatu na kumi na mmoja, nyumbani kwao kuna nini?

Nikafanya jambo la kijinga zaidi. Nilifuta "Insaf" kwenye ukurasa wake nikaandika "Awatif", kisha nikatoka nje nikamwambia kwamba alisema kweli, lilikuwa kosa langu. Hatim akacheka sana. Akasema kisa hiki atamsimulia mama yake mezani leo leo, kwa kuwa kimeshapata dawa: kwamba kompyuta ya shule ilitaka kumnyang'anya mwana.

Nilimwona akilini mama yule akiwa na kijiko mkononi, na mwanawe anacheka na kumtajia Insaf. Zilibaki saa mbili na nusu kengele ya mwisho ilie.

Nilimkuta Mwalimu Nagwa kwenye chumba cha walimu, ana kipande cha mkate wa maharage mkononi. Nilimweleza yote, flashi, faili, anwani niliyotuma, na uongo niliotoka kuusema. Nilitegemea anigombeze. Hakunigombeza. Aliuweka mkate mezani, akaketi taratibu kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba, na uso wake ukabadilika rangi.

"Nani ameiona?" akauliza.

"Darasa zima, mwalimu. Na waliotumiwa na darasa."

Aliinuka, akaenda moja kwa moja kuifunga tovuti. Ilichukua chini ya dakika moja. Kisha akaniambia kwamba tovuti inafungika, lakini macho ya waliokwisha kusoma hayafungiki, na maji yakishamwagika hayazoleki. Akampigia simu mama yake Hatim. Sikusikia alivyomwambia, kwa sababu aliniamuru nisimame nje ya mlango.

Mama Hatim alifika kabla ya saa moja kupita. Alikuja na kandambili za nyumbani, mikono ya gauni imekunjwa, na vidole vyake vilinuka kitunguu. Mwalimu aliniita ndani. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze, na nilikuwa tayari kwa kofi.

"Ndiye huyu?" akauliza Mama Hatim.

"Ndiye," mwalimu akasema. "Na mimi pia, mama. Flashi niliitoa mimi, bila kuangalia vilivyomo."

Mama Hatim akanigeukia. "Mwanangu alikwambiaje alipoliona jina lile?"

"Alisema nimekosea," nikajibu. "Alisema mama yake ni Awatif."

Hapo alijifunika uso kwa ncha ya mtandio, na mabega yakaanza kutikisika. Alilia bila sauti. Alipoweza kusema, alisema kwamba miaka kumi na mitatu alikuwa anaitafuta siku ya kumwambia Hatim ukweli. "Akianza shule nitamwambia; akimaliza msingi nitamwambia; akiota ndevu nitamwambia." Dada yake alimwekea mtoto mapajani na kumwomba asimwache ajione yatima hata siku moja. "Nami nikaogopa," akasema. "Niliogopa kwamba nikimwambia, ataacha kuniita mama. Leo umenichagulia wewe siku, binti. Hukuwa na haki."

Nilisema nisamehe, na neno lenyewe lilionekana dogo mno.

Hatim akaitwa, mama yake akampeleka kwenye benchi lililo kando ya bustani ya shule, na mimi na mwalimu tukabaki ndani. Nilijua si vizuri kutazama, lakini dirisha lilikuwa pale. Mama yake alisema maneno machache tu. Hatim akasimama ghafla. Alitembea mpaka ukuta wa uzio akauegemea kwa paji la uso, na mama hakumfuata. Alibaki benchini, mikono mapajani. Treni ikapita, kelele zikaja na kwisha, na bado hakuna aliyesogea. Mwishowe Hatim alirudi akaketi upande wa pili wa benchi. Waliondoka hivyo hivyo, wametengana hatua mbili.

Hakuja shule siku nne. Katika siku hizo mkuu wa shule alitaka tovuti izikwe kabisa, na mkutano wa wazazi wa kuizindua ukaahirishwa. Mwalimu Nagwa aliandika barua kwa kila mzazi akikiri kosa, na mimi nilisimama mstarini mbele ya shule nzima nikaomba radhi kwa sauti iliyokuwa inakatika. Wazazi wengine walikuja kufoka, na walikuwa na haki. Siku hizo chakula kilinishinda.

Hatim aliporudi, Wagdi alimsubiri mlangoni akiwa na lile daftari lake. Kabla hajafungua mdomo, Hatim aliongea kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Mama yangu ni Insaf, alinizaa. Na mama yangu ni Awatif, alinilea. Ninao wawili, Wagdi. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Baadaye nilimwona Wagdi akichana kurasa za daftari na kuzitia kwenye pipa la taka, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Alasiri ya Jumanne iliyofuata mimi na Mwalimu Nagwa tulikuwa tumeruhusiwa kuanza upya, kwa karatasi. Nilikuwa nimechora milango yote na kuandika juu ya kila mlango nani anaingia na anaona nini. Hatim akabisha hodi. Alisimama karibu na meza, akaniambia bila kunitazama kwamba hajanisamehe bado, ila atajaribu. Kisha akaiangalia fomu ya mwanafunzi niliyokuwa nikiichora.

"Hapa pana nafasi ya mama mmoja," akasema.

Mwalimu Nagwa akanitazama na mimi nikamtazama. Wiki mbili za mipango, na hakuna kati yetu aliyeliwaza hilo.

"Rihab, sikiliza," mwalimu akasema. "Ulipokuja kuniambia ukweli, ulifanya vyema, na ulituokoa na baya zaidi. Lakini kumbuka ulichofanya kwanza. Kila mstari kwenye faili lile ni nyumba ya watu, na wewe uliingia nyumba mia tatu na kumi na mbili bila hodi, ukaacha zote wazi. Kusema kweli ni wajibu kwa mambo yako. Mambo ya mwenzako, hata yawe kweli tupu, mwenye kuyasema ni mwenyewe. Ndiyo maana tunapanga kabla ya kujenga: ili tumkumbuke kila atakayeingia."

Nikauongeza mstari wa pili wa jina la mama kwenye fomu, chini ya ule wa kwanza. Nikampa Hatim kalamu. Akainama kuandika, na mimi nikageukia dirishani mpaka alipomaliza.