Kiganja kwenye Marumaru

Kathini, mfanyakazi wa nyumba, ndiye aliyeiona alama kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyelitunza jiwe lile kila asubuhi. Pembeni mwa kaunta ya jikoni, marumaru iliyong'aa jana yake ilikuwa imefifia, na pale palipofifia palikuwa na umbo la kiganja cha mtoto.

Fahad, mwenye nyumba, aliitoa marumaru hiyo Mombasa alipojenga, na majirani wa Kitui wakamtania sana: hapa watu wanapanga foleni ya maji na mitungi, wewe unaogesha jiwe. Lakini Kathini, mama wa kanisa kutoka Tulia, alijua kazi yake. Sabuni laini, kitambaa kikavu hapo hapo, na ole wake atakayesahau kipande cha ndimu juu yake, maana ndimu hula marumaru. Alichukua unga wa kung'arishia, akasugua hadi alama ikapotea. Alasiri ilikuwa imerudi.

"Huo ni mkono wa Safa," alisema Mwanamisi, mke wa Fahad.

Safa alikuwa mwana wao wa pekee. Mama akisukuma chapati, yeye alikuwa akiketi juu ya kaunta ile ile, mikono imejaa unga. Homa ilimchukua kabla ya mvua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wa Mwanamisi ulikuwa haujaanza hata kupoa.

"Mama Safa, wacha niitoe," Kathini alinong'ona.

"Usiiguse."

Basi haikuguswa. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Kisha kikaja kilio, mchana kweupe, redio ikiwa inasema, kilio chembamba cha mtoto aliyelia hadi koo likakauka, kikitoka ndani ya jiwe, na kila Mwanamisi alipolaza shavu pale akaimba wimbo wa kumbembeleza Safa, kilio kilizidi, na kadiri kilivyozidi ndivyo alivyozidi kuimba, hata chakula akakiacha.

"Hii jikoni nimeiombea mpaka sauti imeisha," Kathini alimwambia Fahad mlangoni, kwa sauti ya chini. "Hicho kitu hakinisikii. Tafuta mtu wenu."

Fahad alimleta Maalim Mikail. Mzee alifukiza ubani, akasoma, akaweka mkono juu ya jiwe, akautoa haraka. Lilikuwa la moto.

"Mwanangu," alimwambia Mwanamisi, "ulimimina maji ya moto hapa bila kusema bismillahi?"

Tangu utotoni Mwanamisi alifunzwa hivyo: kabla ya kumwaga maji ya moto, litaje jina la Mungu, ili wale wasioonekana wawaondoe watoto wao. Kabla ya msiba hakuwahi kusahau.

"Tangu tumzike Safa neno hilo halinitoki," alisema. "Nilikuwa naosha mafuta. Nilimimina sufuria nzima."

"Basi huyu si Safa. Ni mtoto wao, ameungua. Mama yake yuko hapa, anamtaka, lakini wewe umemshika kwa nyimbo na kwa jina lisilo lake. Futa alama kwa mkono wako mwenyewe, na ulitamke neno."

"Nikiifuta, mimi nitabaki na nini?"

Kathini alimpa kitambaa kibichi na ule unga. Mwanamisi alisema bismillahi, sauti ikakatika, akairudia, akaanza kusugua kwa duara kama alivyomwona Kathini akifanya, kwanza vidole, kidole kidogo akakiacha mwisho, machozi yakidondoka yakichanganyika na unga, naye akisugua hayo hayo, na chini ya kitambaa jiwe likaanza kupoa, na kilio kikageuka kikawa kwikwi, zile kwikwi za mtoto ambaye hatimaye amebebwa.

Kidole cha mwisho kilipotoweka, harufu ilikatika. Fahad alimshukuru Mungu kwa sauti. Kathini aliketi sakafuni.

Mwanamisi alibaki ameinama juu ya jiwe safi. Hapo ndipo alipoisikia, karibu kabisa na sikio lake, sauti ya mwanamke iliyokauka kwa kulia.

"Asante, dada. Wako hayuko huku kwetu. Nimekutafutia kila mahali."