Maji Yanayonuka Shati

Dobi alikuwa na kazi nyingi, na alipenda watu wajue kwamba ana kazi nyingi. Tangu asubuhi ua wake ulijaa mabeseni ya povu na kamba za shuka. Mkewe alisuuza, yeye akapiga pasi ya mkaa. Bibi, mama yake Dobi, alikunja soksi huku akimkosoa kila mtu. Binti yao mdogo alipita katikati ya nguo akiuliza maswali. Hakujua kunyamaza, ndiyo maana wakamwita Chiriku.

Mvua zikanyesha mfululizo. Maji ya bomba la mtaa yakaanza kutoka na rangi ya chai. Majirani wakaanza kuharisha, leo nyumba hii, kesho nyumba ile.

Dobi akaogopa. Alimpenda Chiriku kuliko kitu chochote duniani, ingawa aliona haya kulisema. Akaingia stoo, akatoka na galoni la dawa ya kung'arishia nguo nyeupe.

"Baba Chiriku, unafanya nini?" mkewe aliuliza.

"Naua vijidudu. Dawa hii inatoa madoa ya damu kwenye shuka. Vijidudu wataiweza wapi?"

"Na hupimi?"

"Kwani nimewahi kuunguza shati la nani? Jicho la dobi ni mizani."

Akamimina dawa kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Akakoroga kwa kijiti kilekile cha kukorogea nguo. Maji yakabaki na rangi yake ya chai, na sasa yalinuka pia. Mkewe alikunywa, koo likamwasha. Dobi naye alikunywa, akakunja uso, akasema dawa haikosi uchungu. Bibi alinusa tu, akakirudisha kikombe mezani.

"Mwanangu, maji haya yananuka shati."

"Kunywa tu, mama. Ni kwa usalama wetu."

Bibi hakubishana. Bibi akinyamaza, mwenye akili hujiuliza kuna nini. Dobi hakujiuliza.

Haukupita muda, Chiriku akaanza kuharisha. Dobi akaongeza dawa kwenye ndoo. Asubuhi iliyofuata mtoto alikuwa amelala mkekani, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Hakuuliza swali hata moja. Kimya kile kilimtia Dobi hofu kubwa. Alisimama na pasi mkononi mpaka ikapoa, wala hakujua.

"Hodi humu ndani!"

Alikuwa Nesi, jirani yao anayefanya kazi zahanati. Alikuwa amefuata sare zake.

"Shikamoo, Bibi," alisema. Kisha akamwona mtoto, na habari ya sare ikaishia hapo. Akapiga magoti. Akaifinya taratibu ngozi ya tumbo la Chiriku, akaiachia. Ngozi ilichelewa kurudi.

"Amekaukiwa maji mwilini. Twende zahanati sasa hivi."

"Lakini anakunywa maji," Dobi alisema. "Nayatia dawa mimi mwenyewe. Tena nyingi."

Nesi akasogea kwenye ndoo, akainama, akarudi nyuma akikohoa.

"Haya asinywe hata tone. Wala ninyi msinywe. Mwageni."

Kule zahanati walimpa Chiriku maji yenye dawa ya chumvichumvi, kijiko kimoja kimoja. Akitapika, walisubiri kidogo, wakaanza tena. Mama yake alishika kijiko. Dobi alishika miguu ya mtoto, maana hakujua ashike nini. Mchana Chiriku akalia, na machozi yakatoka.

"Vizuri," alisema Nesi. "Anayetoa machozi ameanza kupata maji."

Dobi akapumua. Halafu akauliza, "Nesi, hao vijidudu wamepitia wapi? Kwa dawa ile hata mende asingepona."

Bibi, aliyekuwa amewafuata zahanati, akakohoa.

"Wamepitia kwangu," alisema. "Mtoto alikuwa anakataa maji yako. Analia kiu, na mimi nina masikio. Nikawa namchotea bombani, tunakunywa wote. Mimi tumbo langu limeshazoea."

"Halijazoea, Bibi," Nesi alisema. "Lina bahati tu."

Dobi alitaka kukasirika, lakini hasira ikakosa pa kutua. Ni nani aliyemfanya mtoto ayakimbie maji ya nyumbani?

"Sikilizeni," alisema Nesi. "Baba Chiriku aliogopa vijidudu. Bibi aliogopa dawa. Wote mlikuwa na haki ya kuogopa. Lakini kila mmoja aliogopa kimoja, akasahau cha pili. Sasa Baba Chiriku, wewe ndiye fundi. Ukizidisha dawa ile kwenye shati, inakuwaje?"

"Shati linaoza. Linachanika kama karatasi."

Alipolisema hilo alimtazama mwanawe, akainamisha kichwa.

Chiriku aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Nesi aliwafuata na chupa ndogo ya dawa ya maji.

"Hii imetengenezwa kwa maji ya kunywa," alisema. "Ile ya nguo ina manukato na vitu vingine visivyofaa tumboni. Iwekwe mbali, mtoto asiifikie. Na ndoo iliyowahi kutiwa dawa ile isiwekwe tena maji ya kunywa."

Walinunua ndoo mpya yenye mfuniko na bomba lake. Mama Chiriku aliyaacha maji yatulie, uchafu ukazama. Akayamimina polepole kupitia kitambaa safi kilichokunjwa.

"Kwa nini kuchuja kwanza?" aliuliza.

"Uchafu unaila dawa kabla haijafika kwa vijidudu. Sasa soma maelezo kwenye chupa, upime kama yanavyosema. Kisha funika, usubiri nusu saa. Na msichovye vikombe, mikono ina vijidudu vyake. Fungua bomba."

"Na kama hatuna dawa?"

"Chemsha. Yatokote kwa nguvu dakika chache, halafu yafunike yapoe. Hayo hayahitaji dawa."

"Nikiongeza kidogo tu?" Dobi aliuliza. "Kwa moyo kutulia."

"Mwanangu," alisema Bibi, "moyo wako utulie wenyewe."

Nusu saa ilipokwisha, Bibi ndiye aliyeonja wa kwanza. Kulikuwa na harufu kwa mbali sana. Alikunywa kikombe kizima, akaomba kingine.

Msimu mwingine wa mvua ukafika, na bomba la mtaa likatoa tena maji ya rangi ya chai. Mtaani watu waliharisha. Nyumbani kwa Dobi hakuna aliyeumwa tumbo, na majirani wakaanza kuja kuuliza wanafanyaje.

Mchana mmoja wa kazi nyingi Dobi alitoka kwenye pasi, jasho linamtiririka. Akachukua kikombe, akaliendea bomba la ndoo. Chiriku alikuwa amekaa mbele ya ndoo kwenye kigoda, mikono kifuani.

"Bado, baba."

"Mwanangu, nina kiu."

"Mama ametia dawa sasa hivi. Bado."

Dobi alikiweka kikombe chini. Akavuta beseni, akaligeuza, akakaa kando ya binti yake, wakasubiri pamoja. Chiriku akaanza kumuuliza kwa nini mvua hainyeshi kwenda juu.